Hewa Iliyopotelea Udongoni: Dunia Ndogo ya Arizona na Maji ya Ziwa Victoria

Tarehe 26 Septemba 1991, watu wanane, wanaume wanne na wanawake wanne, waliingia katika jengo la vioo na chuma karibu na mji wa Oracle, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, na mlango ukafungwa nyuma yao kwa miaka miwili. Jengo hilo, liitwalo Biosphere 2, lilikuwa na eneo la hekta 1.27, na ndani yake mlikuwa na msitu wa mvua, mbuga, jangwa, kinamasi cha mikoko, bahari ndogo yenye matumbawe, shamba la chakula na makazi ya watu. Kusudi lilikuwa kwamba hewa, maji na chakula vizunguke humo humo, pasipo kitu kuingia wala kutoka isipokuwa mwanga wa jua, umeme na taarifa. Miezi kumi na sita baadaye, oksijeni iliyoanza na asilimia 20.9 ya hewa ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 14, hali inayolingana na ya mtu aliye kwenye mwinuko wa mita 4,000 hivi, yaani juu zaidi ya kituo cha Horombo katika Mlima Kilimanjaro. Watu walihema kwa kupanda ngazi tu, na baadhi yao walishtuka usingizini kwa kukosa pumzi. Januari 1993 ikabidi oksijeni iingizwe kutoka nje.

Ilikwenda wapi? Kuta hazikuwa zinavuja kiasi cha kueleza upungufu ule, kwani uvujaji ulikadiriwa kuwa chini ya asilimia 10 ya hewa yote kwa mwaka, na hata kama ungekuwa mkubwa, hewa ya nje yenye oksijeni nyingi ingeongeza badala ya kupunguza. Mimea ilikuwa hai na inakua. Jibu lilipopatikana liligeuka kuwa somo zito kuliko yote yaliyotoka katika jengo lile, na ninalileta kwa wasomaji wa Mwanza na mwambao mzima wa Ziwa Victoria kwa sababu kilichokula hewa kule Arizona ndicho kinachokula hewa katika vilindi vya ziwa letu.

Tuanze na mambo ya msingi. Mwaka 1771 Joseph Priestley, mchunguzi wa Uingereza, alifungia mshumaa ndani ya chombo cha kioo hadi ukazimika, akaweka humo tawi la mnanaa, na baada ya siku kadhaa akakuta kwamba hewa ile inaweza tena kuwasha mshumaa. Huo ndio msingi wa mifumo yote iliyofungwa: mmea hutumia mwanga kuunganisha hewa ya ukaa na maji kuwa mwili wake, na katika kazi hiyo huachia oksijeni; mnyama, ukungu na bakteria hufanya kinyume chake, huvunja mwili wa mmea kwa kutumia oksijeni na kurudisha hewa ya ukaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Clair Folsome wa Chuo Kikuu cha Hawaii alijaza chupa kwa maji ya bahari na mchanga wenye vijidudu, akazifunga kabisa, na vijidudu hivyo viliendelea kuishi kwa miongo kadhaa vikitegemea mwanga tu. Warusi nao, katika mji wa Krasnoyarsk, walijenga chumba cha mita za ujazo 315 kilichoitwa BIOS-3, ambamo watu watatu waliishi kwa siku 180 kati ya mwaka 1972 na 1973 wakivuta hewa iliyosafishwa na mimea, ingawa sehemu ya chakula chao ilitoka nje na kinyesi chao hakikurudishwa katika mzunguko.

Jambo hili mwalimu wa sekondari yeyote wa Ilemela au Nyamagana, wilaya za Mwanza, anaweza kulionyesha darasani kwa mtungi wa kioo wenye mfuniko unaobana. Weka tope la ufukweni kimo cha vidole vitatu, maji ya ziwa hadi karibu na shingo, na shina moja au mawili ya majani yanayoota chini ya maji. (Avae glavu za mpira na buti, wala asiwatume wanafunzi kuingia majini kuchota, kwa maana kichocho kipo katika sehemu kubwa ya mwambao wa Mwanza na konokono wanaokibeba hupenda mahali palepale penye majani.) Mtungi ukikaa dirishani bila kupigwa na jua kali, saa za mchana vipovu vidogo vya oksijeni vitaonekana vimeganda kwenye majani. Utengenezwe pia mtungi wa pili unaofanana nao, kisha huo uongezewe kijiko cha samadi kabla ya kufungwa. Kwa siku za mwanzo mtungi wa samadi utaonekana kustawi, maji yake yatakuwa ya kijani kibichi na yenye uhai. Halafu tope lake litaanza kuwa jeusi kutokea chini, majani yatalegea, na siku ukifunguliwa darasa zima litasikia harufu ya mayai viza. Harufu hiyo ni alama kwamba bakteria wameimaliza oksijeni na wameanza kupumua kwa kutumia salfa. Mtungi umeharibiwa na rutuba.

Kilichotokea Arizona ni jambo hilo hilo kwa kipimo kikubwa. Wajenzi walitaka shamba litakalowalisha watu wanane kwa miaka mingi bila mbolea ya dukani, kwa hiyo walileta udongo uliosheheni mboji na mabaki ya mimea. Kwa mkulima yeyote, udongo mweusi wa namna hiyo ni neema. Lakini mboji ni miili ya mimea ambayo bado haijavunjwa, na kila gramu yake inasubiri oksijeni ya kuivunja. Duniani hali hiyo haitishi, kwa sababu oksijeni iliyo angani ni akiba kubwa mno, iliyojengeka polepole katika mamilioni ya miaka kadiri sehemu ndogo ya mimea na mwani ilipozikwa chini ya bahari na ardhi bila kuoza. Ndani ya jengo lile kulikuwa na udongo mwingi wenye chakula cha bakteria, na juu yake hewa kidogo. Bakteria walikula wakapumua, na mimea haikuweza kwenda nao sambamba, hasa kwa kuwa vioo vilipunguza mwanga na majira ya baridi ya miaka ile yalikuwa na mawingu kuliko kawaida.

Hapo kulibaki fumbo moja, nalo ndilo linalonivutia kuliko yote. Bakteria wakitumia oksijeni, hewa ya ukaa inapaswa kuongezeka kwa kiwango kinacholingana. Iliongezeka kweli, na katika miezi ya baridi ilipita sehemu 4,000 kwa milioni, wakati hewa ya nje siku zile ilikuwa na sehemu 355 hivi. Hata hivyo ongezeko hilo lilikuwa dogo mno likilinganishwa na oksijeni iliyopotea. Wanasayansi Jeff Severinghaus, Wallace Broecker na wenzao walilifuatilia jambo hili na kueleza mwaka 1994 kwamba hewa ya ukaa iliyokosekana ilikuwa ndani ya kuta. Zege jipya lina chokaa ambayo huungana na hewa ya ukaa na kuwa madini magumu, na jengo lile lilikuwa na zege tupu, lisilopakwa kitu, katika eneo kubwa sana la ndani. Walipolinganisha zege la ndani na la nje, lile la ndani lilikuwa limefyonza kaboni nyingi zaidi. Kwa hiyo oksijeni ilitoka hewani ikaingia katika hewa ya ukaa kupitia udongo, na hewa ya ukaa ikatoka hewani ikaingia kutani, ambako mmea hauwezi kuifikia wala kuirudisha. Kitu ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa sehemu ya mfumo, kuta zenyewe, ndicho kilichoamua hatima yake.

Wengi walilicheka jaribio hilo wakisema limeshindwa. Naona walikosea, na sababu ni kasi. Ndani ya Biosphere 2, hewa ya ukaa ilipanda na kushuka kwa mamia ya sehemu kwa milioni kati ya usiku na mchana, na kaboni iliyokuwa hewani ilipita katika mwili wa mmea au udongo na kurudi kwa siku chache tu, ilhali angani inachukua miaka kadhaa. Mwenye duka dogo la mtaani akikopwa na wateja watatu huona pengo jioni ile ile, wakati mfanyabiashara mwenye maghala anaweza kukopwa miaka mingi kabla hajagundua kwamba mtaji unaliwa. Dunia ina maghala makubwa: bahari, misitu, udongo na anga lenyewe. Ukubwa huo hauzuii hasara, ila huchelewesha habari zake, na mifumo midogo iliyofungwa ina thamani kwa sababu humletea binadamu habari hizo ndani ya umri wake.

Ziwa Victoria liko katikati ya hali hizo mbili. Lina kilomita za mraba 68,800 hivi, kwa hiyo ukiwa Capri Point jijini Mwanza unaona maji yasiyo na mwisho. Lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na sehemu kubwa ya maji yanayolitoka huondoka kama mvuke. Mto Kagera na mito mingine huleta kilichobaki, na mlango wa kutokea ni mmoja, Mto Nile pale Jinja. Mvuke haubebi kitu. Fosforasi (kirutubisho cha mimea), udongo, plastiki na sumu vinavyoingia ziwani haviondoki na mvuke. Vinabaki, vinazama, vinasubiri. Kwa upande wa maji ziwa hili liko wazi kwa mbingu, ila kwa upande wa vitu vizito limekaribia kufungwa.

Sasa tuchukue yale ya mboji na hewa tuyapeleke majini. Vipimo vya mwaka 1960 na 1961 vilipolinganishwa na vya mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walikuta kwamba uzalishaji wa mwani, yaani vijimea vya kijani vinavyoelea majini, ulikuwa umeongezeka takriban maradufu, na kwamba maji ya vilindini, ambayo zamani yalipungukiwa na oksijeni kwa muda mfupi, sasa yalikosa hewa katika tabaka nene zaidi na kwa miezi mingi zaidi ya mwaka. Rutuba ilikuwa imeingia: udongo wa mashamba ya vilimani unaosombwa na mvua, majitaka ya miji, na, jambo ambalo wengi hawalitarajii, vumbi na moshi wa kuchoma mapori na mashamba, ambao huleta sehemu kubwa ya virutubisho vya ziwa kwa kushuka nao kutoka angani. Mwani hustawi juu penye mwanga na kutoa oksijeni, lakini oksijeni hiyo hutoka juu ya maji na kupotelea hewani. Mwani ukifa unazama, na uozo wake unatumia oksijeni ya chini. Mahali pa kutengeneza hewa na mahali pa kuitumia vimetengana, na katika miezi ambayo maji ya juu yana joto na mepesi, tabaka hizo mbili hazichanganyiki.

Mbaya zaidi, tope likikosa oksijeni huachilia fosforasi ambayo hapo awali lilikuwa limeishika pamoja na chuma. Fosforasi hiyo hupanda, hulisha mwani mpya, na mwani huo nao huzama. Huo ni mduara unaojilisha wenyewe, na tope la chini ya Ghuba ya Mwanza linafanya kazi kama zege la Arizona: ni sehemu ya mfumo ambayo hakuna anayeitazama, nayo imebeba hesabu ya miaka mingi. Kila upepo unapogeuza maji ghafla na kuyapandisha yale ya chini yasiyo na hewa, samaki hufa kwa wingi, na watu ufukweni huanza kunong'ona kwamba kuna mtu ametia sumu. Mara nyingine ni kweli kwamba mtu ametia sumu. Mara nyingine ziwa limekosa pumzi.

Swali la viumbe nalo halitenganishiki na hewa. Katika Biosphere 2, aina 19 kati ya 25 za wanyama wenye uti wa mgongo zilitoweka, wadudu wachavushaji wakaisha, na aina moja ya sisimizi wepesi ambao hakuna aliyewakusudia ikatawala karibu kila pembe. Mimea itambaayo iliyopandwa ili ifyonze hewa ya ukaa kwa haraka iliifunika mingine, na watu wakawa wanatumia saa nyingi kuing'oa. Anayeishi Mwanza hahitaji kwenda Arizona kuyaelewa haya. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 kwa nia ya kuongeza kitoweo na mapato, na katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa ghafla. Furu, samaki wadogo wanaoliwa na sangara, ambao katika ziwa hili walikuwa zaidi ya aina 500, wakaporomoka, na huenda aina 200 hivi zimetoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa wameanza kuwahesabu furu wa Ghuba ya Mwanza tangu mwaka 1977, kwa hiyo mporomoko huo uliandikwa ukiwa unatokea, bahati ambayo maziwa mengi hayakuipata.

Baadhi ya furu hao walikuwa walaji wa mwani na wa mabaki yanayozama, kwa hiyo kupotea kwao kulikuwa pia kupotea kwa wafanyakazi wa usafi wa ziwa. Na maji yalipochafuka, hata furu waliobaki kwenye miamba ya visiwa vilivyo karibu na Mwanza walipata shida nyingine: jike humchagua dume kwa rangi, na katika maji yenye ukungu wa mwani rangi hazionekani vizuri, hivyo aina zilizokuwa mbalimbali zikaanza kuchanganyika. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walilieleza hili mwaka 1997. Ni nani angefikiri kwamba mbolea iliyosombwa kutoka shambani ingeweza kufuta mpaka kati ya samaki mmoja na mwingine?

Magugu maji, yaliyoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunga mialo na njia za vivuko katika muongo uliofuata, yalipungua sana baada ya kuletwa fukusi wanaoyala, wenye asili moja nayo ya Amerika Kusini. Hilo lilifanikiwa na linastahili sifa. Ila rutuba iliyoyastawisha haikuondoka na fukusi, ndiyo maana magugu hurudi kila mahali maji yanapotulia na kulishwa.

Waliofungiwa Arizona walijifunza jambo lingine kwa vitendo, nalo ni kwamba ndani ya mfumo uliofungwa neno "kutupa" halina mahali pa kuelekea. Majitaka yao yalipita katika mabwawa yenye mimea ya kinamasi, yakasafishwa, yakaenda shambani. Dawa za sumu za kuua wadudu hazikuruhusiwa kabisa, kwa hesabu rahisi kwamba zingerudi katika maji ya kunywa baada ya muda mfupi, kwa watu wale wale walionyunyiza. Mwanza, Mto Mirongo unapita katikati ya jiji ukikusanya kinachotoka mitaa ya milimani, unaingia ziwani, na ziwa hilo hilo ndilo chanzo cha maji ya bomba. Mitambo ya kusafisha maji ipo, nayo inafanya kazi kubwa, lakini mzunguko ni ule ule na umbali wake ni kilomita chache. Kinamasi chetu cha Arizona ni mafunjo. Mafunjo yaliyo kwenye midomo ya mito hupunguza kasi ya maji, hukamata udongo na kunyonya naitrojeni na fosforasi kabla hazijafika kwenye maji ya wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa au mto shughuli za kudumu au zile zinazoweza kuyaharibu mazingira hayo. Anayekata mafunjo ili apande mpunga au ajenge anaona anapata ardhi ya bure, na kwa msimu mmoja au miwili anaipata kweli. Kazi waliyoifanya mafunjo inahamia kwa mtambo wa maji, ambako inalipiwa kwa kemikali na umeme, au inahamia kwa samaki.

Gharama ya kazi za namna hiyo ndiyo iliyojitokeza wazi kuliko kitu kingine katika jengo lile. Ili watu wanane wapumue, zilihitajika pampu, feni, mashine ya kutengeneza mawimbi na kituo cha nishati kilichochoma gesi asilia nje ya kuta ili kupoza joto la ndani. Mwaka 1996 wanasayansi Joel Cohen na David Tilman waliandika kwamba bado hakuna ajuaye kujenga mfumo utakaompa binadamu huduma ambazo viumbe vya asili humpa bure. Kwetu, kazi ya zile pampu na feni hufanywa na pepo za kusi zinazovuma kati ya Juni na Agosti: hupoza maji ya juu, yakawa mazito, yakazama, na ziwa likachanganyika na kupeleka hewa chini. Kadiri maji ya juu yanavyozidi kupata joto, ndivyo upepo huo unavyohitaji nguvu zaidi kuifanya kazi ile ile, na hakuna mashine inayoweza kuchukua nafasi yake katika eneo lenye ukubwa huu.

Jambo la mwisho ni wapi tupime. Mvuvi huhukumu ziwa kwa rangi ya juu na kwa uzito wa nyavu, na mara nyingi huhukumu vizuri, lakini hewa ikiisha vilindini sangara husogea kwenye maji ya juu na ya kandokando, na samaki waliobanwa hivyo wanaweza kujaza nyavu kwa muda huku makazi yao yakipungua. Katika jengo la Arizona vipimo vya oksijeni vilisomwa mchana na usiku, na ndiyo sababu upungufu ulijulikana kabla mtu hajafa. Kwa ziwa, vipimo vyenye maana ni vya mita 40 kwenda chini, katika miezi ya Februari na Machi wakati tabaka zimetengana, vikilinganishwa na vya Julai, mahali pale pale, mwaka hadi mwaka, pamoja na fosforasi iliyomo ndani ya tope lenyewe. Hata virutubisho vyote vikizuiwa kuingia kuanzia leo, tope litaendelea kuachilia vile lilivyonavyo kwa miaka mingi, na maji ya juu yanaweza kubaki ya kijani wakati hali ya chini tayari imeanza kuwa nafuu. Asiyepima chini atakata tamaa mapema, au atajisifu mapema, na katika hali zote mbili atakuwa ameacha kazi kabla haijatoa matokeo.